Kukumbuka Fadhila Ni Karma Unayoitenda Leo

Malipo ni hapahapa duniani. Msemo huu hutoka midomoni haraka mwizi anapoibiwa, bosi mkatili anapofukuzwa kazi, au aliyemwacha mwenzake kwa dharau naye anapoachwa. Siku hizi wengi hutaja karma kwa maana hiyohiyo: adhabu iliyochelewa njiani lakini ikafika. Aliyefanikiwa naye hujipongeza kwamba anavuna alichopanda. Kwa mtazamo huo shukrani inabaki suala la adabu tu, na bidii inakuwa ya kuvizia: mtu anatenda mema huku amekodoa macho kuona malipo yataingia lini.

Mafundisho ya Buddha yanaianzia karma mahali pengine. Katika hotuba mojawapo iliyohifadhiwa kwa Kipali, lugha ya kale ya India, anasema kwamba anachokiita karma ni nia. Mtu akishanuia, hutenda kwa mwili, kwa maneno au kwa fikra. Watu wawili wanaweza kumlipia mgonjwa bili ya hospitali nusu kwa nusu. Mmoja ameguswa na maumivu yake, mwingine anataka asikike kuwa ametoa. Bili imelipwa, mgonjwa ametibiwa, na kwake yeye pesa za wote wawili zina thamani ileile. Kwa waliotoa, vitendo ni viwili tofauti, kwa sababu kila mmoja ameizoeza akili yake kitu tofauti, na kesho itakuwa rahisi zaidi kukirudia. Buddha alilisema wazi jambo hili: kile mtu anachokifikiria mara kwa mara ndicho moyo wake unakoelekea.

Tukianzia hapo, shukrani inapata uzito mwingine. Kukumbuka fadhila ni kitendo cha fikra. Kuitamka ni kitendo cha maneno. Kuilipa, au kuipitisha kwa mwingine, ni kitendo cha mwili. Yote matatu ni karma mpya, inayotendwa sasa na mtu aliye macho. Naona hili ndilo linalopotea katika mazungumzo mengi kuhusu karma: watu huichukulia shukrani kama jibu la moyo baada ya karma nzuri kuzaa matunda, ilhali yenyewe ni miongoni mwa matendo yanayoujenga moyo.

Ubuddha hupima kitendo kwa mizizi yake. Mizizi mibaya ni mitatu: tamaa, chuki, na ujinga wa kutoyaona mambo yalivyo. Shukrani ya kweli inaigusa yote. Tamaa inapungua kwa sababu unatazama ulichokwisha kupewa, badala ya kile tu unachokitaka. Chuki inapungua kwa sababu ni vigumu kumchukia mtu huku unakumbuka kwa undani alichokutendea. Ujinga unapungua kwa sababu unaanza kuona kwamba hakuna ulichonacho kilichotokea chenyewe. Kila kitu kina visababishi, na vingi kati yake ni mikono ya watu.

Si kila kitu ni karma ya zamani

Kabla ya kufika kwenye mazoezi, kuna kosa moja linalopaswa kuondolewa njiani, kwa sababu linaua shukrani na juhudi kwa pamoja. Ni imani kwamba kila linalokupata leo limetokana na ulilotenda zamani.

Mtu mmoja aitwaye Sivaka alimuuliza Buddha swali hilohilo: je, ni kweli kwamba kila hisia anayoipata mtu, iwe ya raha, ya maumivu au isiyo na raha wala maumivu, imesababishwa na matendo yake ya zamani? Buddha alikataa. Akataja visababishi vinane: nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, muungano wa hivyo vitatu, mabadiliko ya majira, kutojitunza vizuri, kushambuliwa, na cha nane ndicho matokeo ya karma. Vitatu vya kwanza ni lugha ya uganga wa India ya kale, lakini hoja haijachakaa. Anayeumwa hapaswi kuambiwa ajichunguze alimkosea nani. Pengine ni baridi ya majira. Pengine amepigwa.

Katika hotuba nyingine anazitaja imani tatu ambazo zikishikiliwa humfikisha mtu kwenye kutotenda: kwamba yote yanatokana na matendo ya zamani, kwamba yote yameumbwa na mungu, na kwamba yote hutokea bila sababu. Kuhusu ya kwanza, hoja yake ni ya moja kwa moja. Mtu akiegemea matendo ya zamani kuwa ndiyo kiini cha kila kitu, hana tena hamu wala juhudi ya kusema hili nilitende na hili nisilitende. Kwa maneno mengine, karma ikieleweka vibaya inakuwa sababu ya kukaa kitako.

Kuna onyo jingine linalosahaulika. Miongoni mwa mambo manne ambayo Buddha alionya yasichokonolewe kwa kubuni mojawapo ni namna matokeo ya karma yanavyojipanga. Anayelikazania, alisema, ataambulia wazimu na usumbufu. Kwa hiyo yule anayeketi kukokotoa kwamba ajali fulani ni malipo ya kosa fulani anafanya kazi ambayo mwalimu mwenyewe aliikataza. Karma ilifundishwa ili itumike kuelekea mbele: kitendo hiki ninachotaka kukitenda sasa kina mzizi gani?

Vipi basi kuhusu yale ambayo kweli tuliyatenda na hayafutiki? Hapo kuna mfano wa bonge la chumvi. Ukilitia kwenye kikombe kidogo cha maji, maji hayanyweki. Ukilitupa bonge hilohilo kwenye mto Ganges, mto haubadiliki ladha. Buddha aliutumia kueleza kwa nini kosa dogo lilelile humwelemea mtu mmoja na kumgusa mwingine kidogo tu: inategemea jinsi mtu alivyojikuza kimaadili, kiakili na kihekima. Shukrani haipunguzi chumvi hata chembe. Kazi yake iko upande wa maji, nayo ni kazi ya kila siku.

Upawa mmoja wa chakula

Katika maandiko ya kanuni za watawa kuna kisa cha brahmani mmoja, yaani mtu wa tabaka la makuhani wa India, aitwaye Radha. Aliomba kupokewa utawani, watawa wakakataa. Akakonda, rangi ikampauka, akawa na manjano, mishipa ikamtokeza mwilini. Buddha alipomwona aliuliza ana nini, akaelezwa. Akawageukia watawa: nani kati yenu anakumbuka jambo lolote ambalo brahmani huyu amewahi kumtendea?

Sariputta, aliyekuwa mwanafunzi mkuu kwa hekima, akajibu kwamba yeye anakumbuka. Siku moja alipokuwa akipita kuomba chakula mjini Rajagaha, brahmani huyu aliagiza apewe upawa mmoja wa chakula. Buddha akamsifu, akasema watu wema hukumbuka fadhila na huzilipa, kisha akamwambia Sariputta ampokee Radha utawani.

Kisa hiki kinafundisha kuliko mahubiri marefu, na mafunzo yako kwenye vitu vidogo vilivyomo. Sariputta hakusema kwamba Radha ni mtu mwema. Alitaja mji, alitaja hali aliyokuwa nayo siku ile, alitaja kiasi. Upawa mmoja, basi. Mtu ambaye katika maisha yake ya utawa alikuwa amekula kutoka bakuli la sadaka siku baada ya siku alikuwa bado anakumbuka upawa huu ulitoka kwa nani. Pili, kumbukumbu haikuishia kuwa kumbukumbu. Iligeuka jukumu zito: kumlea mwanafunzi mzee ambaye hakuna mwingine aliyemtaka.

Na mapokeo yanaendelea kusema kwamba Radha alikuwa mwepesi wa kukosolewa. Aliambiwa fanya hivi, usifanye hivi, na hakununa. Aya ya 76 ya Dhammapada, mkusanyo wa aya za mafundisho ya Buddha, inayosema kwamba anayekuonyesha makosa yako umchukulie kama mtu anayekuonyesha hazina iliyofichwa, imefungamanishwa na kisa chake. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo kigumu kuliko vyote. Kushukuru kwa zawadi ni rahisi. Kushukuru kwa kukosolewa, tena mara ya kumi, kunahitaji mtu aliyezoezwa.

Mahali pengine Buddha anasema kuna watu wawili ambao ni adimu duniani: anayeanza kutenda wema, na anayekumbuka wema na kuulipa. Methali yetu, tenda wema nenda zako, inamhusu wa kwanza. Wa pili ni yule asiyekubali wema uende zake.

Kuhusu wazazi alikwenda mbali zaidi. Hata ukimbeba mama yako bega moja na baba yako bega la pili kwa miaka 100, ukiwaogesha na kuwakanda, na wakijisaidia hapohapo mabegani, bado hujawalipa. Kinacholipa ni kumsaidia mzazi asiye na imani aipate, asiye na maadili awe nayo, aliye mchoyo awe mkarimu, asiye na hekima aipate. Wapo wanaoisoma hotuba hii na kulemewa. Mimi naisoma kama ruhusa ya kufunga daftari la madeni. Kama deni halilipiki kwa wingi wa huduma, basi shughuli haikuwa kufikisha hesabu kwenye sifuri. Shughuli ni kupitisha kitu chema mbele.

Maswali matatu

Tukija kwenye mazoezi, njia iliyo wazi kuliko zote ninazozifahamu ilitoka Japani na huitwa Naikan. Iliundwa na Yoshimoto Ishin (1916–1988), mfanyabiashara na mfuasi wa Jodo Shinshu, madhehebu ya Kibuddha ya Japani. Yeye mwenyewe alikuwa amepitia zoezi kali la kujichunguza lililomtaka mtu akae bila kula, bila kunywa na bila kulala. Baadaye aliuondoa ukali huo, akabakiza kiini: maswali matatu kuhusu mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Nilipokea nini kutoka kwake? Nilimpa nini? Nilimsababishia usumbufu gani?

Zoezi kamili huchukua wiki moja. Mtu hukaa nyuma ya pazia la kukunja kuanzia alfajiri hadi kama saa tatu usiku, na kila baada ya saa moja au mbili mwongozaji huja, husujudu, husikiliza kwa dakika chache alichokikumbuka, kisha huondoka. Kwa kawaida huanza na mama, kuanzia utoto hadi miaka ya mwanzo ya shule, halafu vipindi vya miaka mitatu mitatu hadi leo. Kisha baba, ndugu, mwenzi, mwalimu. Muda hugawanywa hivi: asilimia 20 kwa swali la kwanza, 20 kwa la pili, na 60 kwa la tatu. Kuanzia miaka ya 1950 zoezi hili liliingia hata katika magereza ya Japani.

Nyumbani linafaa kufupishwa. Tenga dakika 30 jioni, daftari na kalamu, simu iwe chumba kingine. Chagua mtu mmoja na kipindi kimoja: siku ya leo, au miaka mitatu fulani ya maisha yako. Dakika 6 kwa swali la kwanza, 6 kwa la pili, 18 kwa la tatu. Ukiona 18 ni nyingi mno, ujue ndiyo sababu zimewekwa nyingi. Tunajua kwa urahisi tulivyoumizwa, ila tulivyoumiza huchelewa kujitokeza. Dakika tano za mwanzo huja visingizio tu.

Andika vitendo, usiandike sifa. "Alinipenda sana" haina kazi hapa. "Nilipokuwa na homa darasa la pili alikaa kitandani kwangu hadi asubuhi, na kesho yake akaenda kazini bila kulala" ndiyo yenye kazi. Ukishindwa kufikia kiwango hicho cha undani, jiulize: ni nani aliyelipia, ni nani aliyebeba, ni nani aliyeosha, ni nani aliyengoja. Vitenzi hivyo vinne hufungua kumbukumbu nyingi ambazo neno "upendo" halizifungui.

Kanuni ya pili huwakwaza watu: ulichopokea kinahesabika hata kama mtoaji alikuwa analipwa, alilazimika, au alikuwa na nia yake ya pembeni. Nia yake ni karma yake. Wewe ulifika salama kwa sababu dereva alikuwa macho, mshahara au si mshahara. Huku si kujipendekeza kwa kila mtu, ni kuandika kilichotokea. Wabuddha wa Zen, madhehebu yanayosisitiza kutafakari, hulifanya jambo hilohilo kabla ya kula, kwa tafakari tano. Ya kwanza ni kufikiria kazi iliyokileta chakula hiki na njia kilizopitia hadi kufika, na ya pili ni kujiuliza kama mwenendo wetu unastahili kukipokea. Sekunde 20 zinatosha, mradi utaje angalau watu watatu halisi waliokigusa chakula hicho kabla yako.

Swali la pili huharibika kwa kuongezwa chumvi. Mtu huandika kwamba alimpa mwenzake "uvumilivu". Uvumilivu gani, siku gani, ulimsaidiaje? Kama jibu halipo, futa. Swali la tatu huharibika kwa kugeuka lalamiko: "nilimkasirisha kwa sababu yeye naye alikuwa..." Kata sentensi kabla ya "kwa sababu". Na angalia kwamba hakuna swali la nne, yaani yeye alinisababishia usumbufu gani. Limeachwa makusudi, kwa kuwa hilo hatuhitaji kufundishwa.

Kutoka kukumbuka hadi kutenda

Daftari likijaa na maisha yakabaki yaleyale, kuna kipande kimekosekana. Mabwana wa Tibet, akiwemo Tsongkhapa (1357–1419), hueleza kwamba kitendo hukamilika kikiwa na sehemu nne: mlengwa, nia, utekelezaji na hitimisho. Ndivyo ilivyo kwa maovu na ndivyo ilivyo kwa mema. Shukrani nyingi huwa na mbili za mwanzo tu. Unamjua mtu, moyo umejaa, basi. Hakuna kilichotendwa, kwa hiyo nguvu yake ni ndogo.

Kwa hiyo kila ukimaliza maswali matatu, chagua kitendo kimoja na ukitende kabla ya kesho kutwa. Kiwe kidogo kiasi cha kutokuogopesha: kurudisha kitabu ulichoazima, kumpigia simu mtu na kumtajia jambo moja mahususi, kumfanyia kazi ya nusu saa mtu aliyewahi kukufanyia. Ukitaja fadhila, taja kama Sariputta: wapi, lini, kiasi gani. "Asante kwa kila kitu" humwacha msikilizaji bila cha kushika. Hitimisho nalo lina namna yake. Kitendo kikishaisha, kaa dakika moja ufurahie kwamba kimetendwa, bila kusubiri mwenzako atasemaje. Wengi huliruka hili wakidhani ni majivuno, lakini majivuno husema "mimi ni bora kuliko wao", na furaha hii husema tu "hili limefanyika, na ni jema".

Buddha alimfundisha mwanawe Rahula jambo hili akiwa bado mtoto. Alimwambia ajitazame katika vitendo vyake kama mtu anavyojitazama kwenye kioo, mara tatu: kabla ya kutenda, wakati wa kutenda, na baada ya kutenda. Swali ni moja: je, hili linaniumiza mimi, linamuumiza mwingine, au linatuumiza wote? Kabla, kama jibu ni ndiyo, usitende. Katikati, acha. Baada, kama ni kitendo cha mwili au maneno, kiungame kwa mwalimu au mwenzako mwenye busara, na ujizuie siku zijazo. Kama ni wazo, lichukie na uliache. Na kama kitendo kilikuwa chema, akasema, kaa kwa furaha ukiendelea kujizoeza mchana na usiku. Furaha hiyo haikuwekwa pale kama pambo. Ndiyo inayompa mtu nguvu ya kurudia kesho.

Hapa motisha inaingia kwa njia yake. Mafundisho ya Buddha hayamwambii mtu asubiri ajisikie ndipo aanze. Yanataja juhudi nne: kuzuia ubaya ambao haujatokea, kuacha ulioshatokea, kuamsha wema ambao bado, na kuutunza ulioamshwa, na katika kila moja maneno ya mwanzo ni kwamba mtu "huamsha hamu". Hamu hiyo huamshwa kwa makusudi, si tamaa, na shukrani ni mojawapo ya njia za kuiamsha.

Mtu akikuambia hana ari, muulize juhudi ipi kati ya nne imelegea. Mara nyingi anaisukuma ya tatu, kuanzisha mambo mapya, wakati kilichomchosha ni kwamba ya nne haifanywi kabisa: amejenga tabia njema kisha haziangalii, hazifurahii, zinakufa, anaanza upya. Au ya pili ndiyo iliyolala, anajaribu kusoma kwa bidii huku kinyongo cha miaka kinamla. Dawa ni tofauti kwa kila mmoja, na "jitume zaidi" si dawa ya yeyote kati yao.

Asubuhi, kwa upande wa ari, Watibeti hutumia mawazo manne yanayougeuza moyo: uadimu wa maisha ya binadamu yenye fursa, kufa, karma, na mateso ya mzunguko wa kuzaliwa na kufa. La kwanza huchambuliwa katika masharti 18, uhuru 8 na neema 10. Nusu ya zile neema 10 zinahusu mazingira yaliyokuzunguka, na mojawapo ni kwamba wapo watu wenye huruma wanaokutegemeza. Mpangilio wenyewe unavutia: shukrani inatangulia, kifo kinafuata ili usizembee, kisha karma ili ujue kwamba utakachokitenda leo si bure. Ukianza na kifo utaingiwa hofu. Ukianza na karma utaingia kwenye hesabu. Dakika tano zinatosha kuyapitia yote manne kwa utaratibu huo.

Mahali panapoharibika

Kosa linaloonekana sana ni kujilinganisha na walio chini: nashukuru kwamba mimi si kama yule. Hiyo ni raha ya kuwa juu, na mzizi wake ni kiburi. Utaijua kwa sababu haikusukumi kumsaidia yule uliyemtaja.

Jingine ni kufanya biashara na ulimwengu. Mtu huorodhesha mema yake ili apewe zaidi, na mambo yakienda kombo anaacha, kwa hasira. Nia ilikuwa tamaa tangu mwanzo, na kitendo kilichozaliwa na tamaa kiliizoeza tamaa. Hakuna aliyemdhulumu.

Hatia ni tatizo zito zaidi, hasa kwa anayefanya swali la tatu kwa uaminifu. Ubuddha unatenganisha majuto yanayotibu na wasiwasi unaozunguka. Wasiwasi wa kujutia, pamoja na kutotulia, ni kizuizi cha nne kati ya vizuizi vitano vya akili. Majuto yanayotibu yana kazi ya kufanya, na mapokeo ya Tibet huyapa nguvu nne: kukiri kosa kwa masikitiko, kurudi kwenye kile unachokitegemea kiroho, kutenda jema linalolipinga lile kosa, na kuweka ahadi ya kutorudia. Ahadi iwe ya muda unaouweza. Kuahidi kwa siku moja na kutimiza ni bora kuliko kuahidi maisha yote na kuongeza uongo juu ya kosa. Zikipita siku kadhaa unazungusha kumbukumbu ileile bila kugusa nguvu ya tatu, simamisha daftari, nenda kafanye jambo kwa mikono.

Kisha kuna wale waliotuumiza kweli. Hakuna fundisho la karma linalomtaka mtu abaki chini ya mkono unaompiga, na kumwambia aliyeumizwa kwamba "ni karma yako" ni kuvunja jibu lile alilopewa Sivaka. Kwa mtu aliyepigwa au kudhalilishwa na mzazi, Naikan isianze na mzazi huyo. Ianze na mtu mwingine aliyemlea: bibi, jirani, mwalimu. Kwa aliyeumiza kuna njia tano zilizofundishwa za kuondoa kinyongo: upendo, huruma, utulivu wa moyo, kutomweka akilini kabisa, na kukumbuka kwamba yeye ndiye mwenye karma yake na mrithi wake. Ya nne ni njia halali, iliyotajwa wazi, na inamfaa sana mtu ambaye jeraha lake bado bichi. Si lazima umfikirie.

Swali linalobaki kwa wengi ni la waliokwisha kufa. Unakumbuka fadhila miaka 20 baadaye, na mwenyewe hayupo. Katika hotuba aliyopewa kijana Sigala, aliyekuwa akisujudia pande sita za dunia kila asubuhi, Buddha anataja wajibu tano wa mtoto kwa wazazi: kuwategemeza kama walivyomtegemeza, kuwafanyia kazi zao, kuendeleza ukoo, kustahili urithi, na wakishakufa, kutoa sadaka kwa ajili yao. Huo wa mwisho hutimizwa kwa urahisi. Chagua kitendo kinachofanana na kile alichokutendea marehemu. Kama alikulipia ada ya shule, lipia mtoto mmoja kitu cha shule, hata daftari. Kama alikesha kando ya kitanda chako, nenda kakae saa mbili na mgonjwa ambaye ndugu zake wamechoka. Kabla ya kuanza, mtaje kwa jina na useme kitendo hiki ni kwa ajili yake. Ukimaliza, mtaje tena, na wema wa kitendo hicho ukabidhi kwake na kwa viumbe wote. Kisha rudi kwenye daftari, uandike tarehe na ulichotenda, na chini yake jina la mtu wa kesho.